Maji ya Uwanjani

Katika lugha yetu neno gofu lina maana mbili. Maana ya kale ni jengo lililobomoka likaachwa bila paa wala watu, kama majengo ya Gedi na ya Kilwa Kisiwani ambayo wageni huenda kuyatazama. Maana ya pili ni ya juzi tu: mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie katika shimo. Neno la kwanza lilikuwamo vinywani mwa watu kabla ya la pili kuletwa na Waingereza, na hapana udugu baina yao ila udugu wa sauti. Walakini mtu aliyepata kuuona uwanja wa gofu uliochezewa siku tatu mfululizo katika mvua kubwa hataona ajabu kuwa maneno haya mawili yamefanana. Uwanja huo hugeuka gofu kwa maana ya kale: majani yamekanyagwa yakazama topeni, udongo umefumuka, na mahali palipokuwa laini kama zulia pamebaki alama za nyayo zilizojaa maji machafu.

Nataka kusema juu ya jambo hilo moja: ni wakati gani uwanja wa gofu huwa umelowa hata usifae kuchezewa, na ni nani mwenye haki ya kutoa hukumu hiyo. Msomaji asiyecheza gofu, na wasiocheza ndio wengi katika nchi zetu, yamkini atasema kwamba jambo hili halimhusu. Simlaumu. Lakini nimeona katika maisha yangu kwamba mambo madogo hufundisha hukumu kuliko makubwa. Katika makubwa watu hujificha nyuma ya maneno makubwa. Katika madogo hapana mahali pa kujificha. Mvua imenyesha, watu wanangoja langoni, na lazima mtu mmoja aseme ndiyo au hapana kabla ya saa 1 asubuhi.

Kwa miaka 11 nilikuwa karani wa kamati ya uwanja katika klabu moja iliyo viungani mwa Nairobi. Sikuwa mchezaji hodari wakati ule, wala si hodari leo. Kazi yangu ilikuwa kuandika. Kila asubuhi ya masika na ya vuli nilifuatana na mzee mtunza uwanja, naye akazunguka, akatazama, akakanyaga, akainama, nami nikaandika katika daftari mambo matatu: mvua ya usiku ilikuwa milimita ngapi katika kipimio, hali ya ardhi ilikuwaje, na uamuzi ulikuwa upi. Maamuzi yetu yalikuwa ya namna nne: uwanja wazi, uwanja wazi bila magari, mashimo 9 tu, uwanja umefungwa. Maneno haya ni machache, na kuyaandika ni kazi ya dakika moja. Kuyafikia ilikuwa kazi ya saa nzima, na wakati mwingine ya ugomvi.

Mtu asiyejua atadhani kwamba jibu limo katika kipimio. Mvua ikiwa nyingi funga, ikiwa kidogo fungua. Laiti ingekuwa hivyo, klabu isingehitaji mtunza uwanja. Mtoto wa shule ajuaye kusoma tarakimu angetosha. Daftari langu lilionyesha jambo jingine. Zilikuwako siku za milimita 40 ambazo tuliufungua uwanja bila wasiwasi, na siku za milimita 8 ambazo tuliufunga. Sababu ni kwamba ardhi haiulizi maji ya jana usiku tu. Hukumbuka pia ya juzi na ya wiki nzima. Mvua ya kwanza ya masika hunywewa na ardhi kama maji anywayo msafiri aliyetoka jangwani. Mvua ya ishirini humkuta mlevi asiyeweza kumeza tena hata funda moja.

Tena udongo si mmoja. Anayetoka Nairobi kwenda kaskazini na magharibi, kuelekea Kiambu na Limuru, hukanyaga udongo mwekundu wenye kina, nao hupitisha maji vyema. Anayekwenda kusini na mashariki, kuelekea mbuga za Athi, hukutana na udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao watu huuita udongo wa pamba. Huo ni udongo wa ajabu. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mkono wa mtu mzima huweza kuingia. Wakati wa mvua huvimba, nyufa zikajifunga, na maji yasipate njia ya kushuka. Hunata katika kiatu hata mguu ukawa mzito kama wa mtu aliyefungwa pingu. Uwanja wetu ulikuwa na bahati mbaya ya kulala juu ya mpaka: mashimo 10 yalikuwa mlimani juu ya udongo mwekundu, na 8 yalikuwa bondeni juu ya udongo mweusi. Basi mvua ileile moja iliwapa watu wa juu burudani na watu wa chini tope, kama ilivyo desturi ya mvua nyingi hapa duniani.

Sasa na tutazame madhara yenyewe, kwa maana wengi huyazungumza pasipo kuyajua. Udongo mzima hauwi mzima kwa chembe zake tu, bali kwa nafasi zilizo kati ya chembe. Katika nafasi hizo hupita maji na hewa, na mizizi ya majani huhitaji vyote viwili. Udongo ukiwa mkavu, chembe zake hushikana na kuweza kuchukua uzito wa mtu. Ukiwa umeshiba maji, chembe huteleza. Mguu ukishuka huzisukuma zikakaribiana, hewa ikatoka, nafasi zikazibika. Mtu huyo akiondoka, nafasi hazirudi pamoja naye. Siku ile hapana kinachoonekana ila alama ya kiatu. Baada ya wiki mbili au tatu majani hugeuka manjano, magugu huota mahali pake, na mvua ya pili ikija maji hutuama palepale. Kwa hiyo mguu wa leo hulitengenezea dimbwi la kesho kitanda cha kulalia.

Kisha fikirini hesabu. Jumamosi yenye wachezaji 100, kila mmoja na mchukuzi wake wa mfuko, ni watu 200, yaani miguu 400. Katika njia za mchezo watu hao hutawanyika, huyu kulia na yule kushoto, kwa sababu mipira yao haina adabu. Lakini kila mmoja wao, hodari na mjinga, lazima mwishowe afike kwenye shimo lilelile, katika sehemu ya majani mafupi isiyozidi ukubwa wa ua wa nyumba ya kawaida, akanyage, azunguke, achuchumae, atafakari, kisha akanyage tena. Hapo miguu 400 huwa kama maelfu. Methali yasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Wachezaji wa gofu hawapigani, hucheka na kupongezana. Nyasi huumia vilevile.

Yamkini msomaji atauliza: je, mchezo huu hauna sheria? Unazo, tena nyingi, na maji yalikuwamo katika sheria hizo tangu mwanzo. Mwaka 1744 wachezaji wa Leith, karibu na Edinburgh katika Scotland, waliandika vifungu 13, na kimoja katika hivyo kilikuwa juu ya mpira ulioanguka katika maji au katika uchafu wa majimaji. Siku hizi sheria hutungwa na R&A ya St Andrews pamoja na USGA ya Marekani, na tangu mwaka 2019 maji yaliyotuama kwa mvua huitwa maji ya muda. Maelezo yake ni ya werevu. Ili mchezaji apate msaada bila adhabu, maji hayana budi kuonekana juu ya ardhi, kabla hajasimama mahali pake au akiisha kusimama, bila ya yeye kukandamiza kwa miguu yake ili ayalazimishe yatoke. Ardhi kuwa laini tu, au yenye unyevu, au yenye tope, haitoshi. Umande nao haumo. Mpira ukizama katika tundu uliolichimba wenyewe ulipoanguka, katika sehemu ya kawaida ya uwanja, mchezaji huruhusiwa kuutoa bila hasara.

Nilipozisoma sheria hizi kwa mara ya kwanza nilifurahi, nikadhani nimepata mizani. Baadaye nikatambua kwamba mizani hii hupima jambo jingine. Sheria humwambia mchezaji afanye nini akikuta maji. Hazimwambii mwenye uwanja alifunge lango lini. Zinampa uwezo wa kusimamisha mchezo pale uwanja usipochezeka, kwa mfano shimo likizungukwa na maji pande zote hata mpira usiweze kuviringika. Lakini kutoka hali hiyo mpaka hali ya ukavu kuna safari ndefu, na njiani humo sheria hunyamaza. Mchezaji huuliza, je, naweza kucheza? Mtunza uwanja huuliza, je, uwanja utaweza kuchezewa mwezi ujao? Maswali haya mawili hufanana kama gofu na gofu.

Mzee wetu hakuwa na mizani ila mwili wake. Nilijifunza kwake kwamba uwanja hauhukumiwi kwa wastani wake, bali kwa mahali pake pabaya kupita pote. Hakuanza kamwe mlimani ambako palipendeza. Aliteremka moja kwa moja bondeni, kwenye shimo la kumi na tatu, ambalo lilikuwa chini kuliko yote. Hapo alisimama kwa mguu mmoja, uzito wake wote juu ya kisigino, akahesabu pole pole mpaka 10, kisha akauondoa mguu na kutazama. Alama ikifutika, majani yakanyanyuka, alisonga mbele. Alama ikibaki bila maji, alitikisa kichwa na kusema, bila magari. Alama ikijaa maji, hakusema neno. Aliinua bendera akachungulia ndani ya shimo, maana shimo ni kisima kidogo: maji yakisimama ndani yake, maji yamesimama katika udongo wote ulio kando yake. Mwishowe alichukua kisu, akakata kipande cha ardhi pembeni, akakifinyanga katika kiganja. Kikimeguka, kulikuwa na tumaini. Kikitoka kama mkate usioiva, unang'aa na alama za vidole, alikirudisha mahali pake, akakishindilia taratibu kama mtu afunikaye kidonda, akaniambia, "Andika, mwanangu."

Nilimwuliza siku moja kwa nini asingoje jua lichomoze ndipo aamue. Akanijibu kwamba jua hukausha majani, halikausha udongo. Na kwamba wachezaji wengi hudanganywa na majani makavu kama watu wanavyodanganywa na uso wenye tabasamu. Maneno hayo niliyaandika pia, ingawa hayakuwa na safu katika daftari.

Mtu asidhani kwamba shida hii ni ya viwanja vya wanyonge. Mashindano makubwa ya Open yalianza mwaka 1860, na mwaka 1960 yalifanywa St Andrews kuadhimisha miaka 100. Uwanja ule umekaa ufukoni, juu ya mchanga unywao maji upesi. Hata hivyo siku ya Ijumaa, baada ya mzunguko wa tatu, dhoruba ilishuka, maji yakafurika kwenye shimo la mwisho, na mzunguko wa nne ukaahirishwa mpaka Jumamosi. Kel Nagle wa Australia akashinda, akimpita Arnold Palmer kwa pigo moja. Mwaka 1988, Royal Lytham, Jumamosi yote ilipotea kwa mvua, na Seve Ballesteros akapata ushindi wake siku ya Jumatatu. Mwaka 2010, Celtic Manor katika Wales, mashindano ya Ryder Cup yalisimamishwa zaidi ya saa 7 siku ya kwanza, na kwa mara ya kwanza katika historia yake yakaishia Jumatatu. Palikuwapo mashine, wataalamu na fedha. Tena watazamaji wa dunia nzima walikuwa wakingoja. Maji hayakustahi hata kimoja katika hivyo. Najua baadhi ya wanachama wa klabu yetu waliopata faraja kubwa kwa habari hizi kila walipofungiwa lango.

Radi ni jambo la mbali na haya, na sitalichanganya nayo. Katika mvua pana mashauri. Katika radi hapana. Mtu asimamaye katikati ya uwanda mpana na fimbo ya chuma mkononi amejifanya mti mrefu kuliko yote. Sheria zenyewe, ambazo hazimpi mchezaji ruhusa ya kuacha mchezo kwa sababu ya kuchoshwa na mvua, humruhusu kuacha mara moja akiona hatari ya radi. King'ora kikilia mlio mmoja mrefu, mchezo husimama pale pale, hata kama mpira umebakiza shubiri kuingia shimoni. Katika miaka yangu yote sikuona mabishano juu ya mlio huo. Watu hubishana juu ya madhara yajayo baadaye, yatakayowapata wengine. Juu ya madhara yatakayowapata wenyewe sasa hivi, hukubaliana upesi ajabu.

Nimeitaja miguu ya wachukuzi wa mifuko, lakini sijawataja wachukuzi wenyewe. Wao hujiita makedi. Kwa miaka mingi ya utawala wa Waingereza huo ndio ulikuwa karibu mlango wa pekee wa Mwafrika kuingia katika uwanja wa gofu: kuingia na mzigo wa mtu mwingine begani. Milango mingine imefunguliwa tangu hapo, na katika wachezaji hodari wa nchi hizi wamo waliojifunza mchezo kwa kubeba mifuko. Lakini kedi wa kawaida hulipwa kwa mzunguko. Uwanja ukiwa wazi amepata. Uwanja ukifungwa hakupata. Hana mshahara wa siku ya mvua. Basi kila nilipoandika neno "umefungwa", niliandika pia, kwa wino usioonekana, kwamba watu 70 watarudi nyumbani mikono mitupu.

Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili palikuwa na mashindano ya kuchangia karo za watoto wa shule. Mahema yalikuwa yamesimamishwa, wafadhili wamealikwa, chakula kimeagizwa. Usiku zilinyesha milimita 62, na wiki nzima ilikuwa ya mvua. Tulipofika shimo la kumi na tatu hatukuhitaji kisigino. Maji yalikuwa yanaonekana kwa macho. Mlimani palikuwa na nafuu, lakini nafuu ya mgonjwa. Nahodha wa klabu alitukuta njiani, viatu vyake vimekwisha kulowa, naye alikuwa mtu mwema aliyechoka.

"Mzee," alisema, "watu wamekwisha kulipa."

"Naam, Bwana Nahodha," mzee alijibu, "lakini udongo haujapata habari za malipo hayo."

Nahodha aliomba basi yachezwe yale mashimo 10 ya juu. Mzee akaomba apewe mpaka saa 4. Saa 4 alikwenda tena, akakanyaga tena, akafinyanga tena. Kisha akasema kwamba kwa watu wachache angekubali; kwa watu 100 na wachukuzi wao hawezi. Uwanja ukafungwa. Wafadhili walikula chakula chao hemani, wakatoa michango yao, na karo zikapatikana. Hivyo upande huo haukupata hasara kama ulivyoogopa. Hasara ilikuwa upande mwingine, nyuma ya ua, ambako makedi walikuwa wamesimama tangu alfajiri chini ya bati.

Mmoja wao, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, alimjia mzee kwa heshima na kumwamkia. Kisha akasema, "Mzee wetu, umefunga uwanja, na hukumu yako hatuikatai. Lakini matumbo yetu, nayo umeyafunga?"

Mzee alikaa kimya kitambo. Akasema, "Ndugu yangu, nami nilibeba mifuko miaka tisa kabla ya kushika jembe. Nikifungua leo, mtakula leo. Lakini mwezi wa Mei uwanja utakuwa mgonjwa, wachezaji watahamia viwanja vingine, nanyi mtakaa chini ya bati hili mwezi mzima."

"Kweli, Mzee," yule kedi alijibu. "Lakini Mei ni mbali. Watoto hula leo."

Nimeyafikiri mazungumzo hayo mara nyingi, nami sijaona ni neno gani kati ya hayo mawili ambalo mtu mwenye insafu angeweza kulikataa. Mzee alisema kweli: uwanja ndio shamba la wote, na asiyelinda shamba hula mbegu. Kedi naye alisema kweli: mavuno ya Mei hayapikiki Aprili. Kosa halikuwa katika kauli ya yeyote kati yao. Lilikuwa katika mpango ambao ulimwacha mtu maskini kuliko wote alipe peke yake gharama ya hukumu iliyowafaa wote. Mchezaji aliyefungiwa lango alipoteza burudani ya asubuhi moja, na ada yake akarudishiwa. Klabu ilipoteza mapato ya siku moja, ikaokoa majani ya miezi. Kedi alipoteza siku, na katika majani yaliyookolewa hakuwa na hisa ila matumaini.

Katika mkutano uliofuata nilisoma mbele ya kamati maneno ya wazee hao wawili kama yalivyosemwa, kwa kuwa kazi ya karani ni kusoma alichokiandika. Kisha nikatoa shauri: kila mchezaji atoe nyongeza ndogo kwa kila mzunguko, nyongeza hizo ziwekwe kando, na siku uwanja unapofungwa makedi wapewe kazi ya kuzibua mitaro, kufagia maji kwenye mashimo na kuokota matawi yaliyoangushwa na upepo, kwa ujira wa nusu ya mzunguko. Wako waliosema kwamba klabu si nyumba ya sadaka. Mzee, ambaye hakuwa mjumbe na alikuwa ameitwa kueleza hali ya ardhi tu, aliomba ruhusa akasema kwamba hajui habari za sadaka, ila anajua kwamba mitaro yake imeziba na mikono haimtoshi. Shauri likapita. Fedha zilitosha watu 24 kwa siku, nao wakashika zamu. Waliobaki walikwenda nyumbani kama zamani. Sikuridhika, wala siridhiki leo. Lakini 24 si sifuri, na haba na haba hujaza kibaba.

Matokeo mawili yalifuata ambayo sikuyatazamia. La kwanza, mitaro ilipokuwa safi, siku za kufunga zilipungua. Daftari langu lilikuwa shahidi. Maji ambayo zamani yalilala bondeni siku tatu yalianza kuondoka kwa siku moja na nusu. La pili, mabishano ya asubuhi yalipoa. Zamani kila aliyesema funga alishukiwa kuwa hajali makedi, na kila aliyesema fungua alishukiwa kuwa hajali majani. Gharama ilipogawanywa, ingawa kwa uchache, watu waliweza kuitazama ardhi na kusema walichokiona. Tangu hapo nimeamini kwamba jicho la mwamuzi huona vizuri zaidi pale ambapo hukumu yake inamgusa yeye pia mfukoni, walau kidogo.

Katika masika ya mwaka 2024 Kenya ilipatwa na mafuriko yaliyochukua roho za watu zaidi ya 200. Katika Nairobi maji ya mto Mathare yaliingia katika nyumba za watu waishio kando yake. Katika siku za namna hiyo kuuliza kama uwanja wa gofu unachezeka ni karibu na aibu. Hata hivyo somo ni lile lile, limekuzwa tu. Ardhi yenye nafasi kati ya chembe zake hunywa mvua. Ardhi iliyoshindiliwa, iwe kwa viatu, kwa magari au kwa saruji, huitema, na kitemwacho juu humfikia jirani aliye chini. Kila mtu aliye mlimani huamua, kwa kujua au kutojua, kiasi cha maji kitakachoingia katika nyumba ya aliye bondeni.

Basi nikiulizwa leo ni lini uwanja umelowa hata usifae kuchezewa, nina majibu mawili. Jibu fupi ni la mzee wetu: teremka mpaka mahali pa chini kuliko pote, simama juu ya kisigino, hesabu mpaka 10, na uamini unachokiona hata kama langoni kuna watu wengi. Maji yakijaa katika unyayo, funga, wala usimsingizie mtu mwingine kuwa ndiye aliyefunga. Jibu refu ni kwamba hukumu ya asubuhi ya mvua ni mwisho wa kazi tu, wala si mwanzo wake. Mwanzo ni mwezi wa Januari na Februari, anga ikiwa nyeupe na vumbi likitimka, wakati ambapo hapana mtu anayefikiri juu ya maji. Hapo ndipo mitaro huchimbwa, udongo hutobolewa ili upumue, mchanga huletwa bondeni kwa mikokoteni, na akiba ya ujira wa siku mbaya huwekwa. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Na asiyezibua mtaro wakati wa kiangazi atabishana na watu wema wakati wa masika, naye hatakuwa na cha kuwapa ila maneno.